Nyuki Hawapigiwi Simu

Mliponiona nashuka stendi ya Mafinga jicho moja limefumba na shavu limejaa, kila mmoja wenu alikuja na hadithi yake. Kuna aliyesema nimepigwa na ndugu. Kuna aliyesema nimelia kupita kiasi msibani. Kuna aliyekwenda mbali zaidi, akasema nimeolewa huko na mambo yameanza mapema. Sasa naandika mara moja mpitishiane, maana kila nikianza kusimulia chapati zinaungua na anayelaumiwa ni mimi. Jicho ni la nyuki. Na nilistahili.

Nilikwenda kwetu Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, kumzika Bibi Maitena. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani, na kwetu neno hilo ni zito kuliko mnavyolitumia hapa, ambapo jirani ni mtu wa kukuazima chumvi na kukuuliza umepata wapi pesa za bati.

Baba yake Bibi Maitena aliitwa Mzee Machini. Alitoka kwenye milima iliyo kati ya Hispania na Ufaransa, kwa watu wanaoitwa Wabaski, ambao wana lugha yao na ukaidi wao. Alikuja na kaka yake enzi za mashamba ya wazungu, wakaajiriwa kuchunga kondoo. Waajiri wakaondoka, wale ndugu wawili wakabaki. Wakaoa Wairaqw, wakazaa, wakazeeka, wakazikwa huku huku. Mzee Machini alijenga nyumba ya mawe Endasak, akachonga jina lake juu ya mlango: Echeberi. Kwao nyumba ndiyo inayowapa watu jina, kwa hiyo mpaka leo ukisema ukoo wake hakuna anayekuelewa, lakini ukisema "kwa Echeberi" hata mbuzi anakuonyesha njia.

Kwao pia kuna kitu kinaitwa jirani wa kwanza. Ni ile nyumba ya kwanza unayoikuta ukitoka kwako kwenda kanisani. Mtu akifa, jirani wa kwanza ndiye anayetangulia na msalaba, ndiye anayewasha moto wa kupikia wafiwa, na kabla ya yote hayo, ndiye anayekwenda kuwaambia nyuki. Ndiyo, nyuki. Mzinga unafunikwa kitambaa cheusi, unaugonga kwa vidole, unawaambia kwa adabu kwamba mwenye nyumba amefariki, unawatajia mwenye nyumba mpya, unawaomba wasiondoke. Wasipoambiwa kabla maiti haijatoka mlangoni, watahama au watakufa. Nyuki wenyewe ni wa hapa hapa Hanang, hawajawahi kuona bahari. Desturi ndiyo iliyotoka ng'ambo, na imekaa kwetu mpaka padri anaijua na anatazama pembeni.

Nyumba ya kwanza toka Echeberi ni ya kwetu. Babu yangu Bura aliwaambia nyuki Mzee Machini alipofariki. Baba yangu aliwaambia alipofariki mume wa Bibi. Wote wawili wamelala. Mkubwa aliyebaki katika nyumba ile ni mimi, mpika chapati wa Mafinga.

Benyati, mtoto wa kiume wa Bibi, alinipigia siku ya Jumatatu. "Dada Emi, mama ametutoka. Tunazika Jumamosi. Kuna nyuki." Nikasikia anavuta pumzi. "Na kuna Grasia."

Grasia ni dada yake mkubwa, rika langu, tulikwenda komunyo ya kwanza pamoja. Aliolewa na mfugaji wa Kidatoga kule tambarare, mama yake akakataa, wakaambiana maneno, na tangu hapo hajakanyaga Echeberi. Benyati alipompigia kumwambia mama amefariki, alijibu "Nimesikia" akazima simu. Lakini huko kwake kuna mzinga mmoja uliotoka nyumbani, na nyuki wake nao lazima waambiwe.

"Utakwenda kwa ajili ya nyuki," Benyati akasema. "Ukifika, niletee dada. Siwezi kumzika mama peke yangu."

Basi mjue hivyo tangu mwanzo. Nilisafiri na kitambaa cheusi, lakini nilichotumwa hasa ni Grasia.

Mafinga hadi Babati, mimi na kitambaa

Begi langu lilijaa vitumbua, maana sijui kwenda msibani mikono mitupu, kwa hiyo kitambaa nilikikunja magotini. Hapo ndipo nilipokosea. Tulipopita Iringa, mama niliyekaa naye aliuliza kwa upole kama ni cha kushona joho la mahafali. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeamka alfajiri na sikuwa na akiba ya uongo.

"Ni cha nyuki," nikamwambia.

"Cha nyuki?"

"Wamefiwa."

Akachukua mkoba wake kutoka katikati yetu, akauhamishia upande wa dirisha. Nyuma yetu kulikuwa na mhubiri, mtu wa makamo mwenye suti ya kahawia na Biblia yenye zipu, naye alikuwa amesikia. Akaanza kukemea taratibu, kisha kwa sauti, kisha kwa jasho. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa, nina kadi ya jumuiya, lakini kutoka pale mpaka Dodoma nilikuwa natolewa majini.

Mambo yangeishia hapo kama basi lisingeharibika. Tulikuwa tumeipita Kondoa, tumeingia kwenye vilima, mara ukasikika mlio kama mtu anachana shuka, gari likakohoa, likasimama. Mkanda wa feni umekatika. Abiria wote walishuka, na wote, kabla hawajaangalia injini, waliniangalia mimi.

Kondakta alinijia kwa adabu zake zote. "Mama, samahani. Abiria wanaomba hicho kitambaa kikae kwenye buti."

"Kina tiketi?"

"Hakina, mama."

"Basi kikae kwenye mapaja ya mwenye tiketi."

Fundi aliyefuatwa Kondoa alichukua muda mrefu kufika, na alipofika alikuwa amebeba mkanda wa gari jingine. Tukakaa kwenye majani makavu. Wauza mahindi ya kuchemsha wakatoka wapi sijui, kama kawaida yao, gari halijapoa wao wameshafika. Yule mhubiri alinunua mawili, akasimama mbele yangu akiyageuza geuza, mwisho akanipa moja na kukaa.

"Dada, hebu nielezee vizuri. Hao nyuki mnawaabudu?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukemea. Kisha akasema, "Mimi habari ya mama yangu niliipata nikiwa kwenye foleni ya benki. Simu iliita, nikapokea, nikaambiwa, nikakata. Nikaendelea na foleni. Zamu yangu ilipofika nikamsalimia yule binti wa dirishani, nikamwambia mimi mzima. Hakuna aliyejua." Akatafuna punje chache. "Kumbe hata nyuki wanatumiwa mtu."

Nilimpa kitumbua.

Basi lilipowaka alitangaza kwamba ni maombi yake, na sikumnyang'anya. Babati tulifika jioni, baridi imeshaanza kuuma, mwezi wa sita ule. Alinibebea kitambaa mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni, mikono yote miwili mbele kama mtu aliyebeba mtoto wa ubatizo. "Wasalimie," akasema.

Endasak, ambapo nilifanya kazi yangu vizuri sana

Asubuhi nilipanda gari la Katesh, nikashuka Endasak. Pembeni ya ghala la zamani la mazao, vijana walikuwa wanapiga mpira mdogo mgumu kwa kiganja kitupu, unagonga ukuta, unarudi, mwenzake anaupiga. Wanauita pilota. Nilipokuwa mdogo tulijua ni mchezo wa Mzee Machini. Nikamuuliza mmoja wao umetoka wapi, akanijibu bila kusita, "Arusha."

Echeberi haijabadilika. Mawe yale yale, mlango mzito, na ile harufu ya jibini ya kondoo inayoiva kwenye stoo, ambayo nasema kama mpishi na kama rafiki wa familia kwamba inanuka soksi. Benyati alitoka nje akanikumbatia bila neno. Amekuwa mzee, jamani. Nilimwacha ana nywele.

Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, wakulima wenzetu wa miteremkoni, kina mama na masufuria yao, na wote wakanyamaza nilipofunua kitambaa. Mizinga ya nyumba imepangwa nyuma, kwenye ukuta unaopata jua. Nilifunika mmoja baada ya mwingine. Nikagonga. Nikasema kwa Kiswahili, maana nyuki wale wamezoea Kiswahili: "Nyuki wa Echeberi, poleni. Maitena mwenye nyumba amefariki. Mwenye nyumba sasa ni Benyati. Kaeni naye, msiondoke."

Nilisema kwa kila mzinga, sauti haikutetereka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema hata baba yako hakuwa na sauti kama hiyo. Benyati alikuwa amesimama nyuma yangu analia kimya kimya, na mimi nikajisikia nimeivaa kazi ya baba ikanitosha. Nikaenda jikoni nikawasha moto, nikawaonyesha kina mama jinsi ya kupika wali wa watu wengi bila kuufanya uji.

Kumbe nilikuwa nimeboronga, na hakuna hata mmoja uani pale aliyejua, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa analia.

Kupanda Dareda

Mzinga mwingine wa nyumba uko Mbulu, kwa Mama Joakina. Huyu ni mtoto wa yule kaka yake Mzee Machini, kwa hiyo yeye na marehemu ni watoto wa ndugu wawili. Kwenda kwake unarudi Dareda, halafu unapanda ukuta wa bonde la ufa kuelekea Dongobesh.

Gari lilikuwa Noa iliyopakia watu, magunia ya vitunguu na jogoo mmoja aliyekuwa na maoni kuhusu kila kona. Katikati ya mlima ukungu ulitufunika. Dereva akafungua dirisha akatoa kichwa nje, anaendesha kwa kusikiliza. Abiria tukashuka tutembee mbele ya gari ili limulike migongo yetu. Mzee mmoja wa Kiiraqw aliyevaa koti la mvua aliona natetemeka, akanivulia shali yake, na nilipomshukuru akasema kwa ukali, "Vaa, usiongee, utaingiza baridi."

Mama Joakina nilimkuta kwenye kochi, miguu juu ya stuli, anaangalia tamthilia kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja, huyu anataka kumwacha mkewe."

Nikangoja. Alimwacha. Ndipo akaniletea makande yenye maziwa, mahindi yameiva mpaka yamelegea, na kama mnakumbuka ninavyowasumbua kila siku kwamba makande hayahitaji haraka, njooni niwaambie sasa nina ushahidi. Nilikula sahani mbili. Akanitazama, akalia kidogo kwa ajili ya binamu yake, akafuta uso kwa khanga, akasema, "Twende ukafanye kazi."

Mzinga wake uko chini ya mti wa mparachichi. Nikaufunika, nikagonga, nikaanza. Poleni. Maitena amefariki. Mwenye nyumba sasa ni Benyati.

"Nani?"

Nilidhani hajasikia. "Benyati," nikarudia kwa sauti.

"Nani?" Safari hii alipiga fimbo yake, na fimbo haikupiga chini, ilipiga mzinga.

Wanaosema nyuki wana akili hawajawaona wakiamshwa kwa fimbo. Yeye alikuwa amejifunika shali kichwa kizima, walimpita. Mimi walinikuta na mdomo wazi. Nilikimbia mpaka jikoni, nikaingia nyuma ya mlango, jicho likaanza kufumba pale pale.

Mama Joakina alinifuata taratibu na kitunguu kilichokatwa, akanipaka huku akinisema. "Umeharibu. Umeharibu kabisa. Kwa Echeberi nyumba ni ya mtoto wa kwanza. Awe na ndevu, awe na matiti, wa kwanza ni wa kwanza. Unafikiri mimi nimeipataje hii nyumba, na wadogo zangu wa kiume wapo? Mwenye nyumba ni Grasia."

Wenzangu, haikunipitia akilini hata kidogo kuuliza. Sisi Wairaqw tumezoea mtoto wa kiume ndiye anayebaki na nyumba, binti ni wa kwenda. Uani kwa Benyati hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu wote tulikuwa Wairaqw.

"Lakini Grasia hayupo, mama. Hata simu hapokei."

"Kama haitaki nyumba, aseme hivyo mwenyewe mbele ya nyuki, kwa mdomo wake. Wewe huna mdomo huo. Na Benyati hana. Nenda kwake. Usimtaje mtu yeyote mpaka aseme yeye."

Nikampigia Benyati. Nilimuuliza kwa nini alininyamazia, na yeye anajua desturi ya kwao. "Nilikuwa nalia," akasema. "Halafu ukataja jina langu. Nimekaa na mama miaka yote hii, Emi, nimemlisha, nimemgeuza kitandani. Nilitamani iwe hivyo."

Nilikuwa na maneno makali tayari. Nikayameza yote.

Kumtafuta Grasia

Benyati aliniambia Grasia yuko Balangdalalu. Nikateremka tena mlima, nikapita Endasak bila kushuka, nikafika Katesh nikapata mwenye pikipiki, Samweli, kijana aliyetulia, mwenye jaketi zito na kofia moja ya abiria aliyoninyima kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeshavimba. Tulizunguka boma moja baada ya jingine. Mwisho mwanamke mmoja anayekamua mbuzi akatuambia, "Mama wa macho ya maji? Hao walihama zamani, wakafuata malisho. Wako Getanuwas." Kwa hiyo Benyati hakujua hata dada yake anakaa wapi. Hilo liliniuma kuliko jicho.

Ilikuwa Ijumaa. Kutoka Balangdalalu kwenda Getanuwas unauzunguka mlima karibu wote. Vumbi la huko ni jekundu na linaingia mpaka kwenye meno. Tairi lilipata pancha mara mbili. Samweli akaziba mara ya kwanza anapiga mluzi, mara ya pili hakupiga. Mimi nilikaa juu ya jiwe nahesabu saa zilizobaki kabla ya mazishi ya kesho, nawaza Benyati amesimama mlangoni anaangalia barabara, na nilimwomba Mungu kwa hasira, kama mtu anayedai chenji.

Tulifika jua limeanza kulala. Boma la miiba, ng'ombe wanaingia, mbwa. Mke mwenza wa Grasia ndiye aliyenipokea, mama mrefu mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa maziwa mgando kwenye kibuyu, akangoja ninywe, maana kwao mgeni hunywa kwanza, habari zina muda wake. Maziwa yalinukia moshi wa mti wanaosafishia kibuyu. Nikanywa yote. Akageuka akaita.

Grasia akatoka zizini. Amevaa sketi ya ngozi yenye shanga, bangili kama za mwenzake, na usoni ni Mzee Machini mtupu, pua ile ile, macho yale yale ya rangi ya maji. Tuliangaliana.

"Emi. Umevimba."

"Nyuki wenu."

Akacheka. Kisha akakumbuka kilichonileta, akaacha. Tukakaa kwenye ngozi ya ng'ombe nje ya nyumba yake.

"Simu nilizima," akasema, "kwa sababu Benyati alikuwa ananiambia kama mtu anayesoma taarifa ya habari."

"Alikuwa anaogopa, Grasia. Njoo. Kesho tunamzika."

"Nije kama nani? Mgeni? Mama alishanigawia changu akafunga mlango."

"Alikugawia nini?"

Akanyoosha mkono. Kwenye mgunga nyuma ya zizi ulining'inia mzinga wa gogo, umezeeka, umefungwa kamba mpya. "Siku naolewa baba yako aliuleta kwa punda. Aliushusha, akanywa maziwa, akaondoka, hakusema neno. Kwa wakwe zangu hapa, asali ikishatolewa kwenye ugomvi, shauri limekwisha. Niliwaona wazee wanaangaliana: limekwisha. Nikaelewa. Mama amemalizana na mimi."

"Alileta asali, au nyuki?"

"Nyuki. Na masega yao."

"Nyuki wa wapi?"

"Wa nyumbani."

"Sasa nyuki wa nyumbani wanagawanywa?" Nilishindwa kukaa, nikasimama. "Ungekuwa mzinga wako, nisingekuwa na kazi nao. Nisingekula vumbi mpaka hapa. Nimetumwa kwa sababu hawa bado ni wa Echeberi. Miaka yote hii unafuga nyuki wa mama yako, Grasia. Sijui alikusudia nini, baba hakuwahi kuniambia, na ninyi nyote pale kwenu hamjui kusema. Lakini mtu aliyemalizana na mwanawe hampelekei kitu ambacho siku ya kufa kwake lazima atumwe mtu kukifuata."

Alikuwa anazungusha bangili moja kwenye mkono. Mke mwenza, ambaye nilidhani hafuati Kiswahili chetu, akasema kutoka mlangoni, "Mwambie afanye kazi yake. Jua linazama."

Nilifunika mzinga kwa kipande cha mwisho cha kitambaa. Nikagonga. "Nyuki wa Echeberi, poleni. Maitena mwenye nyumba amefariki. Mwenye nyumba sasa ni…" Nikamgeukia Grasia.

"Endelea," Grasia akasema.

"Siwezi. Mama Joakina amesema hapo panatakiwa mdomo wako."

"Kule nyumbani ulisema nani?"

"Benyati. Nilikosea. Ndiyo hili jicho."

Alicheka tena, safari hii machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Akasogea akaweka kiganja kwenye gogo. Alisema taratibu, kama anaongea na mtoto aliyelala. "Mimi ndiye wa kwanza, na mimi ndiye ninayesema. Nina ng'ombe, nina wajukuu, nina mwenzangu huyu. Siwezi kwenda kukaa kwenye mawe. Mwenye nyumba ni Benyati. Aliyemgeuza mama kitandani ni yeye. Kaeni naye." Akapumzika kidogo. "Na ninyi wa hapa, kaeni na mimi."

Nilimkumbatia na vumbi langu lote. Nililia kwa jicho moja, la pili halikuwa na nafasi.

"Tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

Kurudi

Tuliondoka alfajiri, mishikaki kwenye pikipiki moja: Samweli, mimi, na Grasia nyuma, kibuyu cha maziwa kimefungwa mgongoni kwake kwa sababu mke mwenza alisema haendi mtu kwao mikono mitupu. Nilimpenda yule mama. Tulipoukaribia mlima niliona mikono ya Grasia imenishika kiunoni kwa nguvu, na bangili zinaniumiza mbavu, nikaziacha ziumize.

Mtaniuliza kama nyuki walihama. Hawakuhama. Niliporudi nilikwenda kuwaambia tena kwamba mkubwa ameridhia, na sikugonga kwa nguvu.

Endasak watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Jeneza lilikuwa ndani, sebuleni, na padri alikuwa amevaa tayari. Benyati alikuwa amesimama mlangoni. Alipotuona alianza kuja, akasimama, akaja tena. Grasia alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa pale ambapo nywele zimeisha. "Nimeshawaambia," akamwambia. "Ni yako." Benyati akamshika dada yake mkono, akamwingiza ndani.

Mimi niliingia nyuma yao na msalaba, maana kazi ni kazi. Pembeni ya jeneza kwenye kiti alikaa Mama Joakina, aliyekuwa ameapa kwamba magoti yake hayawezi kuteremka Dareda. Watu waliokuwa wanaimba wakanyamaza. Wengine hawakumjua yule mama wa Kidatoga ni nani, wakaulizana kwa macho.

Grasia alikaribia. Hakulia kwa sauti kama tulivyotarajia, hakujitupa. Alipiga goti, sketi ya ngozi ikasikika sakafuni, akainamisha kichwa kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo mbele ya mlango ule ule.

"Shikamoo, mama."

Akangoja. Alingoja kweli, kichwa chini, na chumba kizima kikangoja naye, padri na kitabu chake, Benyati na mikono yake, mimi na msalaba wangu. Kwetu shikamoo haiachwi hewani, ni aibu, na hapakuwa na mtu wa kuitikia. Ndipo Mama Joakina, ambaye kwa haki ya ukoo ni mama yake mdogo, akaegemea fimbo, akanyoosha mkono wake akaugusa utosi wa Grasia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu kwenu."